Kufuata Kivuli Kitaya

Nilikwenda kijijini Kitaya kwa sababu ya joto la Darasa la Kwanza. Shule yetu hapa Chuno, Mtwara mjini, ina bati juu, mchanga chini, na katikati watoto themanini. Ikifika saa sita wanalaza vichwa mezani. Mwezi uliopita mmoja alizirai nikifundisha herufi. Miche ya kivuli tuliipanda mara mbili, ikakauka mara mbili. Mwalimu mkuu, mama anayependa uwanja safi kuliko mshahara, akasema kundi la tatu likifa uwanja wote utapigwa sementi. Niliogopa kweli. Sementi kwenye jua la Mtwara ni kikaango.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha pikipiki. Mwalimu mwenzangu Hadija alikuwa amenielekeza kwa mama yake huko Kitaya, anayeotesha miche ya mikungu, ile miti ya kivuli yenye majani mapana. Baada ya kupita Naliendele, mikorosho ilinisindikiza pande zote mbili, chini pamefagiliwa mpaka mchanga unang'aa, maana msimu wa kuokota ulikuwa umefika. Nilipapenda. Hata sisi shuleni hatujambo, niliwaza: watoto hufagia kila asubuhi mpaka kwenye shina la kila mche.

Saa nne nilifika Kitaya. Joto lilikuwa lile lile la mjini, mpaka nilipoingia uani kwa Mama Hadija, jasho likakata. Mikungu minne, na chini yake majani makavu yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nilimhurumia. Nilidhani mgongo unamsumbua, hawezi kufagia.

Nililala kwake. Jumapili asubuhi, kabla hajaamka, nilifagia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilijipa ufagio mapema. Nikayarundika majani, nikatafuta kiberiti.

"Mwalimu, unafanya nini?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Nafagia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mkorosho tunaufagilia tuione korosho. Hapo kwenye mkungu unatafuta nini?"

Sikuwa natafuta chochote.

"Na huko shuleni, miche yenu inakokufa, mnafagia hivi hivi?"

"Kila siku, mama."

"Basi msitafute mchawi. Udongo mkiuacha uchi, jua linakunywa maji, mizizi inabaki inatazama."

Niliona aibu. Niliyarudisha majani yote kwa mikono, yeye akisimamia.

Saa tisa alasiri nilianza kurudi na miche kumi na gunia la majani makavu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alilifungua gunia, akayatazama majani, akanitazama mimi, akalifunga.

Jumatatu nilipanda miche na kumwaga majani yangu. Mwalimu mkuu alikuja kuona.

"Mwalimu Elia, umetuletea takataka kutoka Kitaya?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa pikipiki?"

"Ndiyo. Ile miche mingine tuliiua wenyewe, kwa ufagio."

"Nakupa mpaka kiangazi kijacho kiishe."

Mwaka huo tulishika mkia kwa usafi katika kata nzima. Nami nilijifunza kwamba mti unaweza kufa kwa kutunzwa. Kiangazi kilipoisha, miche minane ilikuwa hai, na ule mkubwa ulitoa kivuli cha kumtosha kuku mmoja, naye akahamia hapo. Kila saa sita mwalimu mkuu hutoka ofisini kwenda kumtazama kuku huyo. Hajamfukuza.