Mimi Maskati, Bi Asina Palma

Ningali naikumbuka siku ile sokoni Maskati, mwanangu, nikiwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, simu sikioni, nimesimama mbele ya duka la udi nikijiona nimeishika dunia. Palma yetu yote, kule kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa ndani ya simu ile: karakana yangu, wanawake sita na kofia zao. Nikipiga, wanaitika. Nikiagiza, wanashona. Nikawaza, kumbe mtu anaweza kuwa huku na kule kwa wakati mmoja, na sisi siku zote tulikuwa tukijifungia nyumbani bure.

Juzi ulipokuja kuniaga ukaniambia, "Shangazi, mimi ofisi yangu ni dunia nzima," nilicheka, na nikaona umenuna kidogo. Usinune. Maneno hayo niliyasema kabla hujazaliwa, tena kwa kiburi kikubwa kuliko chako. Wewe una komputadori yako na watu watatu hapa Palma wanaofunga mizigo na kujibu wateja. Unataka uanze Istanbul, kisha Malaysia, kisha Mungu anajua wapi. Nenda. Sikuandikii ili nikuzuie. Wanaokwambia kazi haiendeshwi kwa mbali, wengi wao hawajawahi kuiendesha hata kwa karibu. Mimi yangu nimeiendesha hivyo miaka mingi na bado iko hai. Ila nilifanya kosa moja, na aliyelilipia hakuwa mimi, ndiyo maana haliniondoki moyoni.

Kazi yangu unaijua, kofia za viua. Vile vitundu vidogo unavyoviona kwenye kofia ya babako, kila kimoja hutobolewa kwa sindano kisha kikazungushiwa uzi mpaka kikae imara. Kofia moja yaweza kumla mtu mwezi mzima. Mimi nilifundishwa na Bi Asina, jirani yetu, mama wa makamo aliyefiwa na mume mapema na hakujaaliwa mtoto. Alinifundisha kwa kunichapa vidole na kunilisha mihogo, yote mawili siku moja. Nilipofungua karakana uani kwetu nilimfanya fundi mkuu juu ya wale sita, na mbele ya majirani nikatamka kwamba mimi ndiye mtu wake: akiugua, mgonjwa ni wangu, na kama ni safari ya matibabu, mimi ndiye wa kumsafirisha. Watu wa Palma hawasahau neno lililosemwa mbele yao.

Sasa, desturi yetu nayo unaijua. Aliye safarini hapelekewi habari mbaya. Mama akiugua, mtoto aliye mbali ataambiwa mama hajambo, yuko jikoni. Wazee walifanya hivyo kwa huruma, kwa sababu msafiri wa zamani hakuwa na la kufanya zaidi ya kulia peke yake ugenini. Mimi nikaiongezea desturi ile amri yangu. Siku ya kuondoka, tulipokwisha kusoma dua, niliwaambia wanawake wangu: "Nikiwa huko nataka habari nzuri tu. Mabaya yatanivuruga mbele ya wateja. Yawekeni mpaka nirudi." Wote sita wakakubali kwa Kireno, "Está bem, patroa," sawa, bosi wetu. Nikapanda gari nimefurahi kwamba nina watu wasikivu.

Nilitembea, mwanangu. Unguja, Moroni, Dubai, mwisho Maskati. Kila mahali nilikuwa na mfuko wa kofia begani na simu mkononi, na kila siku nilipiga Palma. Enzi hizo kupiga simu nje ya nchi kulikuwa kunakula kredito kama mchwa, kwa hiyo nilikuwa na haraka. "Habari za huko?" "Njema, patroa." "Kazi?" "Inaendelea." "Haya, kwaherini." Basi. Nikishaikata, nilijisifu kwamba nimeendesha karakana kwa dakika moja.

Maskati nilimpata mfanyabiashara mmoja mwenye maduka kadhaa. Alizipenda kofia zangu mpaka akazivaa na kujitazama kwenye kioo kama bwana harusi. Alisema atachukua sanduku moja la kwanza, na likimridhisha tutaandikiana mkataba wa mwaka mzima. Wakati ule hakukuwa na mwanamke wa kwetu aliyewahi kupata kitu kama hicho. Sanduku likaja na msafiri mmoja aliyepitia Mtwara na Dar es Salaam. Nikalifungua chumbani kwangu, juu ya kitanda, nikaanza kuzipanga kofia moja moja.

Kila kofia ya karakana, mstari wa mwisho alikuwa anaumalizia fundi mkuu, na tano za kwanza zilikuwa na mkono wa Bi Asina. Yeye alikuwa anafungia uzi juu ya kitundu, kila kimoja, hata akiwa na usingizi. Ya sita nikaishika, nikaigeuza, nikaisogeza dirishani. Fundo lilikuwa pembeni, upande wa kushoto. Ya saba hivyo hivyo. Nane, tisa, mpaka ya mwisho. Ulikuwa mkono wa Mwajuma, msichana aliyekaa karibu naye kuliko wote, na nilimwona alivyojitahidi kumwiga mwalimu wake. Mteja asingegundua. Lakini mimi nilikaa juu ya kitanda kile nikajua kwamba Bi Asina hashoni.

Nikapiga simu. Akapokea Mwajuma.

"Mpe Bi Asina."

"Anaswali, patroa."

Maskati tulikuwa tumetoka kuswali Adhuhuri. Palma ilikuwa saa nne na ushei asubuhi. Unajua nilichofanya? Nilijiambia labda ni swala ya Dhuha. Maskini mimi! Bi Asina niliyemjua tangu utotoni, ambaye saa nne alikuwa na sindano mkononi na bakuli la uji pembeni, ghafla nikamfanya mtu wa Dhuha kwa sababu ilinifaa. Kesho yake nikapiga tena, akawa ameenda kisimani. Kesho kutwa amelala kidogo, kichwa kinamgonga. "Lakini hajambo?" "Hajambo, patroa."

Mfanyabiashara wangu alikuwa amesafiri kwenda Salala na angerudi baada ya siku tisa kutia saini. Ningeweza kuondoka siku ile ile. Sikuondoka. Kofia zilikuwa zinaniambia jambo moja, simu ikawa inaniambia jingine, na mimi nikachagua kuamini simu kwa sababu ilitaka nibaki. Nakuambia hili waziwazi, kwa kuwa wengi wakisimulia makosa yao husema hawakujua. Mimi nilijua. Niliona kwa macho yangu, nikakaa siku tisa.

Nilirudi na mkataba ndani ya mkoba. Nilipofika Palma sikuenda kwangu, nilipitiliza mpaka kwa Bi Asina. Nilimkuta kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilikuwa kimempiga asubuhi moja akitunga uzi. Wanawake wangu walimbeba mpaka kituo cha afya, na huko waliambiwa apelekwe Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye hospitali kubwa, bila kukawia. Hawakumpeleka. Nilipowauliza kwa nini, nikipiga kelele, nakiri, Mwajuma alilia akasema: "Patroa, wewe ndiye mtu wake. Tukimsafirisha bila wewe tumekuvunjia heshima. Na tukikwambia, tumevunja amri yako. Tungefanyaje?"

Wanawake sita wenye akili timamu, wanaompenda yule mama kuliko mimi pengine, nilikuwa nimewafunga mikono kwa maneno yangu mwenyewe, tena nikawaita wasikivu.

Tulimpeleka Pemba siku iliyofuata. Daktari alimpima, akasema mngekuja mapema tungejaribu zaidi. Maisha yake yalibaki, mkono haukurudi. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nzima nikimwomba msamaha, mpaka akachoka na machozi yangu. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanatoka taratibu, lakini ukali wake haukuguswa na ugonjwa.

"Fatu," aliniambia, "wewe unauliza habari kama mtu anayepita njiani. Unasema 'habari' na mguu umeshatangulia. Ukiniuliza habari nitakujibu njema, hata nikiwa nakata roho. Ndivyo nilivyolelewa. Niulize nimekula nini. Niulize leo nimekaa wapi kushona. Niulize nani alinichotea maji. Hapo nitakudanganya vipi?"

Nikamwambia sitasafiri tena. Nilimaanisha, na nilidhani atafurahi. Akanitazama kwa jicho lile la kuchapa vidole.

"Usinifanye mimi kisingizio cha uoga wako. Nilikufundisha ili ukae unitazame? Nenda kwa huyo Mwarabu wako. Ila hiyo selula, simu ya karakana, niachie mimi. Mkono wa kushoto ninao."

Ndivyo tulivyoanza upya. Bi Asina hakushona tena, lakini akawa ndiye mdomo wa karakana. Nilifuta amri yangu mbele ya majirani wale wale waliosikia ahadi yangu, nikaweka nyingine: yeyote anipigiaye simu huanza na baya, hata kama ni dogo, hata kama mimi niko mbele ya sultani. Na nikawapa ruhusa ambayo ni kubwa kuliko hiyo: mtu akiugua, wasiningojee. Waamue, wampeleke, kisha waniambie. Mwanzoni waliona haya. Bi Asina hakuona haya hata siku moja. Nikiwa Moroni au Dubai, simu ikilia alianza bila salamu: "Uzi ulioleta unakatika. Mwajuma ameachwa na mumewe, usimpe kazi ya haraka wiki hii. Paa linavuja. Haya, sasa salamu aleikum." Nilikuwa nacheka barabarani peke yangu, watu wananishangaa. Na kazi ikakua. Sijawahi kuwa na amani safarini kama niliyokuwa nayo miaka ile ya kupewa mabaya kila asubuhi.

Alifariki kwa uzee, kitandani kwake. Safari hii waliniambia saa ile ile, nikawahi maziko. Mungu amrehemu.

Halafu vita vikatufikia, mwanangu, na hayo wewe uliyaona mwenyewe, sihitaji kukusimulia. Washonaji wangu walitawanyika: mmoja Pemba, wawili Mtwara, wengine kwenye kambi za wakimbizi, mmoja Nampula kwa mkwewe. Watu waliniambia karakana imekufa. Nikawaambia haijafa, imesafiri. Kwa sababu tulikuwa tumeshazoea. Kila aliyepata simu alinipigia akaanza na baya lake, moja kwa moja, bila kunificha kwa heshima. Nilijua nani hana pa kulala, nani amepoteza mtoto njiani, nani anaweza kushika sindano na nani bado. Kila mmoja nilimtafutia kinachomfaa. Leo ukiziona kofia zangu sokoni, zimeshonwa mahali patano na watu ambao hawajaonana miaka, na bado ni kofia za karakana moja.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda ukaione dunia, na kazi yako uiendeshe kutoka popote. Una akili ya kutosha, na siku hizi mna vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Lakini kabla hujapanda ndege, waite wale vijana wako watatu na uwaambie, mbele ya wazazi wao, kwamba mabaya wakupe kwanza. Mmoja wao umpe haki ya kukuamsha, kukukatiza, hata kukukemea. Uwaachie uwezo wa kuamua mambo ya uhai bila wewe. Usiridhike na zile picha za vidole gumba wanazokutumia. Piga, sikia sauti, uliza mambo madogo madogo ya siku, na usiwe na haraka; kredito siku hizi ni rahisi. Na siku ukiona kwa macho yako kitu kinachopingana na unachoambiwa, amini macho, ukate tiketi. Usikae siku tisa. Mkataba nilioupata kwa siku zile tisa uliisha baada ya mwaka mmoja, nikapata mingine. Mkono wa kulia wa Bi Asina sikuupata tena.

Nawe pia ni mtoto wa kwetu. Nakujua. Utakuwa na homa huko Istanbul, umejifunika blanketi mbili, nikikupigia utaniambia, "Salama, shangazi, baridi tu." Basi Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe riziki ya halali katika kila nchi utakayoikanyaga, akulinde na jicho baya na marafiki wabaya. Na siku utakayougua ugenini, akujaalie mtu asiyejua adabu zetu, atakayenyakua simu yako na kuniambia mimi ukweli, hata kama wewe umemkataza. Amina.