Redio Iliyofukizwa Ubani

Bi Kulthum wa Bofu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe, Idarus, alikuwa Maskati. Miaka hiyo ya themanini watu wetu wa ng'ambo walikuwa wavivu wa kuandika barua. Walizungumza kwenye kaseti, wakampa msafiri. Aliyeileta kaseti ya Idarus alikuwa na haraka zake.

"Habari zote zimo humo, mama, hata siku atakayorudi," akasema, akaondoka.

Bi Kulthum hakuwa na redio. Kwangu ni ukuta kwa ukuta, angeweza kuja kuisikiliza, lakini nani atake jirani amsikie mwanawe akilia? Akauza kofia zote alizokuwa amezishona, akanunua redio kaseti mpya dukani kwa Badawi, huku huku Likoni.

Alianza kuijaribu kwa kaseti yangu ya taarabu. Redio ikaitafuna. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo sisi sote tungelifanya. Badala ya kuirudisha papo hapo, alisema ni jicho la watu, akaifukiza ubani mpaka ikanukia kama nguo ya bi harusi.

Kesho yake tukaenda dukani. Badawi alimwamkia vizuri, akainusa redio, akatabasamu.

"Mamangu, umeitia moshi. Hii si kanzu. Tena mali ikishauzwa hairudi."

"Redio hino imekula kaseti kabla ya ubani."

"Nani shahidi?"

"Mimi," nikasema. "Na taarabu yangu nani atanilipa?"

Wateja wakacheka. "Wewe Mishi ni jirani yake," Badawi akasema. "Utasema nini jingine?"

"Basi tia kaseti yako tuone," Bi Kulthum akamwambia.

Rafu nyuma yake ilijaa kaseti, lakini Badawi hakuinua mkono.

"Kama ni nzima, waogopani?" nikamuuliza.

"Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha."

Bi Kulthum aliivuta redio karibu. Kabla sijamzuia alifungua pindo la leso, akatoa kaseti ya Idarus, akaitia mwenyewe.

"Assalamu alaikum. Mama, shikamoo. Ni mimi, Idarus. Mama..."

Wateja wakasogea. Kisha sauti ikavutika, ikawa nzito, ikakatika. Badawi alipofungua kifuniko, utepe ulikuwa umejisokota ndani; alipouvuta ukachomoka wote, ikabidi aukate vipande vipande kwa wembe.

"Wallahi, mamangu, ni haki yako," akasema bila kumtazama usoni. Akampa redio nyingine, akaijaribu, mara hii kwa kaseti yake mwenyewe. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mtaani watu walimpongeza Bi Kulthum kwa kumshinda Badawi, ambaye hakuna aliyewahi kumrudishia hata balbu. Yeye aliitika tu, akaingia ndani.

Fundi aliunga kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa ile salamu. Tulimwandikia Idarus arudie maneno yake. Jibu halikuja, wala mwenyewe hakuja.

Nikaja kuzoea kumsikia ukutani kila baada ya magharibi. Anabonyeza kitufe, Idarus anaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Bi Kulthum anajibu. Kisha anangoja kidogo, ndipo anairudisha kaseti nyuma.