Waliomshulia Shaame Mashua Yake

Hakuna jini aliyeishua mashua ya mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu Mgeni wa Nyange, mtu mzima mwenye mvi, amesimama kwenye harusi ya watu hapa Chokocho akawaambia vijana kwamba marehemu Shaame bin Mjaka alifuga majini, kwamba hao ndio waliomshushia chombo chake baharini, na kwamba ujira wao ulikuwa mwanangu Hamood. Hamood alikufa kwa surua, miaka miwili kabla baba yake hajagusa ubao wa kwanza wa mashua ile. Mtu anayemfanya maiti wa mtoto wa mwenzake kichekesho cha kusindikizia biriani hana adabu, na kwao hakufundishwa.

Shaame alikuwa baharia wa vyombo vya watu. Alipakia karafuu Wesha, alivuka na mizigo ya Wete hadi Tanga, akarudi nyumbani na viganja vilivyochunika kwa kamba. Mimi nilisoma mpaka nikawa mwalimu, na walikuwapo waliosema nimeolewa chini. Nawajua. Shaame hakuwahi kuniambia uongo, na nyumbani kwetu hilo tulilithamini kuliko mashamba.

Baba yake, Mzee Mjaka, alimwachia mashua moja, Sitara. Tangu mzee alipofariki ilikuwa imelala pembeni mwa mikoko. Kuku walitagia ndani yake na watoto waliifanya choo. Mwaka wa 1960 Shaame alimwita fundi Mabruki, wakaipandisha juu ya magogo. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, ulikuwa salama. Mbao za ubavuni na mbavu za ndani zilikuwa zimeoza. Kila aliporudi safari alikuwa na Mabruki, wakikata, wakitoboa, wakipigilia. Wakashindilia pamba yenye mafuta katika kila mwanya, kisha chini wakapaka deheni, ile chokaa iliyokandwa kwa shahamu, mpaka Sitara ikawa nyeupe kama kanzu ya Idi. Shaame alitaka jambo moja tu katika dunia hii: aongoze chombo cha baba yake, asiwe tena mtumwa wa usukani wa mtu mwingine.

Sasa wasiokuwapo wasikilize. Kwetu chombo hakishuliwi na vibarua. Mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba akaalika. Watu huja wakavuta, wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Anayelipa watu wamvutie chombo amekiri kwamba hana watu. Lakini hizo zilikuwa zama za siasa. Mji ulikuwa umepasuka kati ya vyama viwili. Hawa hawakununua kwenye duka la wale, wale hawakuchota kisima cha hawa, na kuna maiti walizikwa na watu wachache kwa sababu ya kadi. Shaame hakuchukua kadi ya chama chochote.

"Wee Shaame, u wa nani?" Nyange, babake Mgeni na mkubwa wa chama kimoja hapa, alimuuliza mbele ya msikiti.

"Wa Bi Mwanapili. Kamuulize, yuko jikoni."

Watu walicheka, maana Bi Mwanapili ni mimi. Nyange hakucheka.

Siku ya kushua, walialikwa wote na wote walikuja. Mabruki alifunga kamba mbili kwenye omo, pale mbele ya chombo, moja kulia na moja kushoto, kama ilivyo desturi. Nyange na wenziwe wakaishika ya kulia. Jaribu, aliyekuwa mkubwa wa chama cha pili hapa, akaishika ya kushoto na watu wake. Hakuna aliyewapanga, walijipanga wenyewe, na mume wangu alipoona akajua wamekuja kushindana.

"Ndugu zangu," aliwaambia, "chombo hakijui chama. Changanyikeni, mvute kwa sauti moja."

"Sisi sauti yetu tunayo," alisema Jaribu. "Wao waazime."

"Tuazime kwenu? Nyie si mnapewa ya kuimba na mabwana zenu?" Nyange akamjibu.

Wakaanza. Hawa wanaimba wimbo wa chama chao, wale wanaimba wao. Hawa wanavuta wale wakipumua. Kila upande ulitaka isemwe kwamba ndio ulioishua Sitara. Mabruki aliwapigia kelele waache, hakusikiwa. Chombo kikageuza pua upande, magogo yakateleza, kikaanguka kwa ubavu juu ya mawe. Nilikuwa nyuma na wanawake wenye masufuria, nikasikia mbavu zikivunjika.

Nyange alisema kosa ni la kamba ya kushoto. Jaribu akasema chombo kimemkataa mwenyewe, mnafiki asiye na chama. Hakuna hata mmoja aliyempa pole mume wangu. Kisha wakakaa wakala pilau yangu, kila chama na masinia yake, wakanawa, wakaondoka.

Shaame na Mabruki walianza upya. Ilipokwisha, alipita tena kualika.

"Akija Jaribu mie siji," alisema Nyange.

"Nyange akiwapo usinihesabu," alisema Jaribu.

Kualika upande mmoja tu kungekuwa kuchukua kadi yake. Basi Sitara ikakaa juani, bamvua, yale maji makuu ya kila nusu mwezi, moja baada ya nyingine ikija na kuondoka, maji yakifika karibu na kurudi. Mbao zilikuwa zinakauka na kufunguka. Mabruki alituambia wazi kwamba msimu mwingine wa joto la kaskazi ukiikuta nchi kavu haitakuwa chombo tena, itakuwa kuni. Shaame akaacha kula chakula cha mchana. Watu wa pande zote mbili walimpita pale wakimuuliza kama anafungua duka la mbao.

Mwaka wa 1962, siku moja ya bamvua, vyama vyote viwili viliitisha mikutano. Wanaume walipanda malori tangu asubuhi, hawa njia hii, wale njia ile. Skuli ilikuwa imefungwa, nikampelekea mume wangu chai pwani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Wanawake walikuwa matopeni wanafukua makumbi yao ya nazi, wayapige wapate usumba wa kusokota kamba. Wake wa chama hiki na wake wa chama kile. Matope hayakuwa na kadi. Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa haishi kupayuka mikutanoni, alisimama akaitazama Sitara.

"Bwana Shaame, kamba hii kasokota nani?"

"Si ni nyinyi, Bibi?"

"Basi sisi tuna haki nayo kuliko hao waliopanda malori. Mabruki, funga moja tu, katikati. Mbili tumeziona kazi yake."

Mabruki akanitazama mimi. Nikamwambia afunge.

Walifunga kanga viunoni, na mimi nikafunga yangu. Mume wangu alikwenda nyuma ya chombo kupanga magogo na Mabruki, akainamisha kichwa asitazame wake za watu. Tuliivuta Sitara juu ya mchanga mgumu mpaka pale maji yatakapoikuta yakirudi. Wimbo tuliouimba si wa kuandikwa. Mmoja alianguka kifudifudi topeni, mwenzake wa chama kingine akamwambia, "Inuka, shoga, hujafika kwa mabwana zenu bado," wakacheka mpaka kamba ikalegea.

Tulipomaliza, yule wa kwanza alimwita mume wangu.

"Bwana Shaame, hukutuona. Ikijulikana, wengine wetu talaka zetu zitatangulia nyumbani."

"Sikumwona mtu," alisema Shaame.

Alasiri Sitara ikaelea. Malori yaliporudi, Nyange alikuja mbio pwani.

"Nani kakushulia? Wanaume wote tulikuwa mikutanoni."

"Mungu na watu wake."

"Watu gani?"

Shaame akaenda kufunga kamba ya nanga. Hapo ndipo walipozaliwa majini wa Mgeni. Watu wakaacha kupakia mizigo kwenye Sitara. Ikabidi apakie ya wageni huko Wesha. Wengine hawakula kwetu. Alipoitwa mchawi usoni mwake, alinyamaza, kwa kuwa neno moja lingeweza kuvunja nyumba za watu. Alikufa nalo jina hilo. Na siku ya maziko yake wako waliosimama mbali na jeneza, na wake zao ndani wakinishika mikono bila kusema.

Mgeni ameniletea mjumbe. Ati kama nasema kweli, nimtajie mwanamke mmoja tu aliyeishika kamba ile, naye ataomba radhi mbele ya watu. Radhi yake siihitaji. Wengine wa wanawake hao wako hai, wengine wamekufa wakiwa katika ndoa zao, na mume wangu aliwapa neno lake. Simtaji hata mmoja, si kwa Mgeni wala kwa mwingine, na asije mtu mlangoni kwangu kuniuliza.