Karatasi Isiyofungiwa Viazi

Bi Tumu alitoka eda siku ya Jumanne. Akaoga, akavaa nguo ya rangi, kisha akakaa kitako sebuleni asijue la kufanya. Majirani wa Kibokoni walipita mmoja mmoja kumtazama kama analia. Hakulia. Hakuwa amelia tangu Abdulhadi, mumewe, alipoangukia meza yake ya kutengenezea saa na kukata roho papo hapo. Watu wakasema mwanamke yule ana subira. Subira gani? Alikuwa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Kilichombana ni swali moja, na mwenye jibu ndiye aliyezikwa. Miaka thelathini na minane nyuma alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza na wa mwisho. Mtoto aliishi siku tano. Hata ile ya saba ya kupewa jina haikufika. Tumu alikuwa hajiwezi kitandani wakati wanaume watatu, mumewe mmoja wao, walipokichukua kile kichanga kwenda kukizika, na hata angejiweza, wanawake wa mji huu hawafuati jeneza. Alipomuuliza mumewe wamemlaza wapi, alijibiwa, "Pazuri." Basi. Abdulhadi alikuwa hodari wa kusikiliza saa kuliko kusema na watu, na mkewe akaona haya kumuuliza tena. Wale wawili wengine walikwishatangulia mbele ya haki. Sasa hapakuwa na mtu hata mmoja juu ya ardhi anayejua mwanawe alipo. Naye hakutaka makubwa. Alitaka kusimama mahali amsomee Fatiha.

Siku ya pili akaanza kusafisha, maana mikono nayo inataka kazi. Chini ya kitanda palikuwa na rundo la vijarida vya chama cha historia cha mtaa, ambacho Abdulhadi alikuwa mwanachama wake tangu ujanani. Ni karatasi chache zilizopigwa pini, zikitoka mara nne kwa mwaka: nani alijenga nyumba gani, kisima kipi kilifukiwa, cherehani ya kwanza mtaa wa Kuze ilikuwa ya nani. Tumu hakuwahi kufungua hata kimoja. Aliviita magazeti ya wafu, na mumewe hakuwahi kutia neno. Akavitia kikapuni vyote, akampelekea Mwanaesha, muuza viazi karai wa pale pembeni, avifungie biashara yake.

Mwanaesha huyo ana jambo lake moja linalowaudhi wateja wenye njaa. Hafungii chakula karatasi mpaka aisome, asije akapaka mafuta jina la Mungu. Ijumaa, baada ya Alasiri, alibisha hodi kwa Bi Tumu, mkononi ana kijarida kimoja.

"Bi Tumu, hini ina dua juu yake, siwezi kuitilia viazi. Tena nimeona jina la marehemu ndani."

"Liko wapi?"

"Hapa, chini."

Kijarida kilikuwa cha mwaka ambao ukuta wa makaburi ulitaka kujengwa upya. Chama kiliomba kila nyumba itaje watu wake walikolala, kabla mawe hayajasogezwa. Majina yalijaa kurasa mbili: mashehe, manahodha, mafundi wa milango. Baina ya shehe mmoja na mwashi mmoja paliandikwa: *Duha binti Abdulhadi, wa siku tano. Ukuta wa mashariki, hatua tisa kutoka mlangoni, jiwe la tumbawe lisilo na maandishi.*

Vitabu vikubwa vya historia vina masultani na mizinga. Hakuna hata kimoja ambacho kingepoteza wino wake kwa mtoto wa siku tano.

Bi Tumu alisoma mara tatu. Kwanza alishikwa na hasira. Duha! Kumbe Abdulhadi alimpa jina kule kule makaburini, akarudi nyumbani kinywa kimefungwa. Nakala mia mbili zilitoka mwaka ule. Mtaa mzima ulipelekewa jina la mwanawe, na yeye mamake alikuwa akililalia. Halafu likamjia wazo jingine, likamkata maini. Kwa nini alivipanga vijarida vile chini ya kitanda chao, na kabati lilikuwa tupu? Labda alishindwa kusema, akaweka pale ambapo mkewe angeweza kusoma. Labda miaka yote ile alikuwa akingoja afungue.

"Huyu Duha n'nani?" Mwanaesha aliuliza.

"Mwanangu."

Mwanaesha alimtazama bibi aliyemjua tangu utotoni mwake, akaitazama tena karatasi, akavuta buibui lake vizuri.

"Kesho asubuhi nitakuya nikutwae twende," alisema. "Hatua tisa si mbali, Mama Duha."

Hakuna aliyewahi kumwita mama wa mtu.

"Naam," aliitika Bi Tumu, kisha akaanza kulia.