Mbegu za Mama Hazikuwa Zimekufa

Mdogo wangu alikuja kutoka Kitahana na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Ndani yake zilibaki mbegu za lengalenga, ule mchicha mwekundu wa marehemu mama yetu, kiasi cha kujaza kijiko kimoja. Alikuwa amekwisha kuzipanda mara mbili bondeni, na mara zote mbili tuta lilibaki tupu. Hakuna nyumba nyingine katika ukoo wetu iliyokuwa na mbegu hiyo.

"Wanasema mbegu ya marehemu huchoka," aliniambia kabla hata ya kuketi.

"Wanasema nani?"

"Watu, kaka."

"Watu gani? Waliipima?"

Alicheka. "Haya, mwalimu, hukumu."

Neno "wanasema" nimelikataa maisha yangu yote. Nilihesabu mbegu kumi, nikazilaza juu ya kitambaa chenye maji ndani ya sahani, nikafunika. Siku ya nne, nane zilikuwa zimetoa mizizi myeupe kama uzi. Mbegu zilikuwa hai. Kosa lilikuwa la mkono. Nikamtaka anionyeshe alivyopanda. Akachomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili, kama apandavyo maharage. Alikuwa ameambiwa kwamba kiangazi mbegu huzamishwa ili ifuate unyevu.

"Harage hubeba akiba ya safari," nilimwambia. "Punje hii, ndogo kuliko ulezi, ina akiba ya hatua moja. Wewe hukuipanda, uliizika."

"Lakini mama naye alipanda hivihivi."

Hapo nilikuwa shahidi. Yeye alikuwa bado katika mbeleko siku zile mama alipochanganya mbegu na majivu, akazinyunyiza, kisha akaburuta tawi lenye majani juu ya tuta. Udongo uliozifunika haukuzidi unene wa ukucha. Aliyebebwa mgongoni aliona kisogo cha mama. Mimi niliiona mikono yake.

Basi nikalilainisha tuta hapa kwangu Titye, nikalilowesha kwanza. Nusu ya mbegu niliirudisha kibuyuni, kwa kuwa uhakika wangu haukunipa ruhusa ya kuhatarisha mali isiyo yangu peke yangu. Iliyobaki niliinyunyiza.

"Kaka, unapanda au unatia chumvi?"

Niliburuta tawi, nikatandaza nyasi kavu, na kila asubuhi nikamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, maana maji ya ndoo huipeleka mbegu kusikotakiwa. Asubuhi ya tano aliinua nyasi mwenyewe. Alichuchumaa karibu zaidi. Tuta lote lilikuwa na madoa mekundu.

Alikaa nasi hadi mashuke yalipokomaa. Mara mbili nilimkuta amebeba ungo, akiyatamani majani.

"Hata ya mchuzi mmoja, kaka?"

"Hata jani moja. Kwanza kibuyu."

Tuliyapukuta mashuke juu ya mkeka, tukapepeta, kibuyu kikajaa hadi gunzi likagoma kuingia. Siku ya kuondoka alisema, "Nikifika nitawaambia kaka amesema mbegu haizamishwi."

"Usiwaambie nimesema. Panda mbele ya macho yao."

Akaenda kwenye ua wangu, akavunja tawi refu lenye majani, akaondoka nalo begani, kana kwamba Kitahana hakuna miti.