Kamera Iliyohesabu Mishono

Dada yangu walimwita King'ora. Jina hilo alipewa kiwandani, kwenye ukumbi wa kushonea sare, ambako mashine arobaini zilinguruma kutwa nzima. Ukitaka kumwambia jirani yako kwamba uzi umekatika, unamtazama usoni na kuchezesha midomo. Wote tulijifunza kusomana midomo hivyo. Mimi nilijua umbeya wa safu ya nne bila kuinuka kwenye kiti changu. Yeye peke yake hakujisumbua. Alifungua kinywa tu, na msimamizi aliyekuwa stoo akamsikia.

"Unamwita nani?" msimamizi alimuuliza siku moja. "Zimamoto?"

"Naita bobini ya uzi," dada akajibu. "Ila zimamoto wakija, nao tutawapa kazi."

Amenizidi miaka sita. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha mpaka nikamaliza darasa la saba, kisha akanitafutia kiti kiwandani pembeni ya chake. Mumewe alitoka kununua betri za redio, binti yao akiwa na miaka miwili, na betri hizo anazitafuta mpaka leo. Basi mtoto akakulia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa. Alilala kwa wimbo ambao dada aliutunga mwenyewe, wimbo usio na hata neno moja. Aliuimba puani tu, midomo ikiwa imebana pini. Mashine zote zile, na mtoto akalala.

Kiwanda kilipofungwa tukaweka cherehani tatu chumbani kwake, mbili zake na moja yangu, tukaendelea. Binti akakua, akaolewa mbali, safari ya siku mbili.

Kisha sauti ya dada ikaanza kukwaruza kama mkasi butu. Nilimwambia ni makelele yake ya miaka yote, anyamaze kidogo itarudi. Alinyamaza miezi minne. Tulipofika hospitali daktari hakuzunguka: uvimbe uko kooni, palepale inapotokea sauti. Ukiachwa utamuua. Ukitolewa, sauti itaondoka nao. Turudi baada ya siku kumi.

Dada hakulia. Tulitembea mpaka kona ya duka la vioo, ndipo akasema, "Mjukuu akizaliwa atanikuta bubu."

"Atakukuta hai."

"Nataka anisikie. Na mama yake nina maneno yake, nimeyaweka siku nyingi. Tutafute kamera ile inayochukua mtu akiongea."

Simu zetu wakati huo zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Dada akamuuzia jirani cherehani yake ya pili. Kwa hiyo kamera ilitakiwa iwe ya bei nafuu, na ilitakiwa iwe nzuri, na hayo mawili hayapendi kulala chumba kimoja.

Tulikwenda duka la vyombo vya umeme vilivyotumika. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, akatuwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kijivu, mkanda wake wa mkono umechanika.

"Hii ni ya video hasa," akasema. Ya pili ilikuwa ndogo, inang'aa, ukubwa wa kipande cha sabuni. "Hii ni ya picha. Video inachukua pia, kidogo."

Bei zilikaribiana. Sasa sisi mafundi, kila kitu tunakipima kwa mshono. Nguo mbovu haiwezi kukudanganya ukiigeuza ndani. Nikamwambia muuzaji aichukue kola ya dada kwa kamera zote mbili, video fupi fupi, kisha atuonyeshe kwenye kioo cha nyuma. Kwenye ile kubwa mshono ulikuwa kama mstari wa chaki uliofutwa kwa kiwiko. Kwenye ile ndogo uliona tundu la sindano kwa tundu la sindano. Hata mshono mmoja nilioruka mimi mwaka juzi ulionekana, nikaona aibu mbele ya mwanamume nisiyemjua.

Dada mkono wake ulikuwa juu ya ile kubwa. Akauliza kwa kile kisauti kilichobaki, "Na sauti je?"

Muuzaji alikuwa amegeuka kumhudumia mteja wa chaja. Nikajibu mimi, kwa haraka yangu ileile.

"King'ora wewe. Kuna mashine gani duniani itakayokosa kukusikia?"

Alicheka, akashika koo.

"Hilo dude limekaa kama pasi ya mkaa," nikaendelea. "Na picha yake ni ukungu mtupu. Unataka mjukuu akuone kama umetoka kwenye mvuke wa sufuria?"

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Msomi nilikishika kikaratasi cha maelezo kama mtu anayesoma. Kilikuwa na lugha sita, na hakuna hata moja niliyoijua. Ile video ya majaribio haikutoa sauti, ni kweli, lakini hakuna aliyekuwa ameongea. Kola haisemi. Tukalipa, tukaondoka na ile ndogo.

Siku moja kabla ya kulazwa, saa nne asubuhi, mwanga ulikuwa mzuri dirishani. Dada alivaa gauni lake la bluu. Niliiweka kamera juu ya boksi la nyuzi, nikahakikisha kichwa hakikatwi.

"Bonyeza, utoke," akasema.

"Nitoke niende wapi?"

"Kanunue uzi. Maneno haya si yako."

Nilikaa kwenye ngazi, nje ya mlango. Nilisikia sauti yake ikikwaruza, ikipanda, ikishuka, bila kushika neno. Ningesogea hatua mbili tu ningesikia yote. Lakini kwa mara ya kwanza maishani nikawa na adabu, na ndiyo siku niliyopaswa kuikosa.

Upasuaji ulikwenda salama. Dada akarudi na kitambaa shingoni, daftari na kalamu mkononi. Binti yake akaja kujifungulia kwetu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwetu alifika kwanza, majuto yakamfuata siku ya kumi.

Siku hiyo alasiri tulikwenda kwa mwalimu mstaafu, jirani mwenye televisheni. Akachomeka waya, na dada akatokea kwenye kioo, safi kama yuko mle ndani. Akafungua kinywa.

Kimya.

Mwalimu akapandisha sauti mpaka mwisho. Televisheni ikatoa mkwaruzo wake yenyewe. Akachomoa waya, akachomeka tena, kisha akaichukua kamera na kuigeuzageuza karibu na macho.

"Hii haina kinasa sauti," akasema taratibu. "Si mbovu. Ilitengenezwa hivi."

Kisha binti akanigeukia, mtoto kifuani. "Mama mdogo, si unasoma midomo? Msome mama."

Nikasogeza kiti mpaka magoti yakagusa televisheni. Ninaweza kumsoma mtu yeyote wa kiwanda kile, walio hai na waliokufa. Lakini dada sikuwahi kumsoma, kwa sababu haikuwa lazima. Na yeye hakuwahi kujifunza kuyachonga maneno kwa midomo. Kinywa kilifunguka chote kwa kila neno, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Nilipata "mwanangu". Nilipata "baba yako", kisha akainamia kitambaa cha kushona kilichokuwa magotini na uso ukapotea.

"Anasema baba yake harudi?" nikauliza. Dada aliyekaa nyuma yangu akatikisa kichwa kukataa. "Usimlaumu baba yako?" Akatikisa tena.

"Niandikie, mama," binti akasema. "Yote."

Dada akafungua daftari. Akaandika, akakata, akaandika, akakata. Mwisho akatuonyesha mstari mmoja: *Siku ile yalitoka yenyewe.*

Kwenye televisheni alikuwa amechukua pini tatu, akazibana midomoni. Kichwa kikaanza kuyumba polepole. Hapo hapakuwa na mdomo wa kusoma, lakini sote tulijua anafanya nini. Binti akajaribu kuufuata wimbo ule puani, akafika katikati, akapotea. Akarudi mwanzo, akapotea palepale. Dada akaanza kukanyaga sakafu kwa unyayo, kama anakanyaga cherehani, kumwonyesha mwendo. Mwendo tuliupata. Wimbo wenyewe haukuja.

Wakanitazama mimi. Nilikaa pembeni ya wimbo ule miaka, nikiulaumu kwamba unanipotezea hesabu ya vifungo. Sikuushika.

Dada akaandika tena, akaligeuzia daftari kwangu peke yangu. *Picha nzuri.*

Ni nzuri. Kamera iko kwangu, na kioo cha nyuma bado kinafanya kazi. Mishono ya kola yake inaonekana yote. Nimeshaihesabu.