Mkono uliobaki kichwani kwa Ambokile

Enhe, nilikuwa nimefika pale askofu na wachungaji wanamwekea mikono Ambokile, kijana wa jirani yangu, awe shemasi.

Wakatoa mikono yote.
"Simama, mwanangu."
Hasimami!

Anasema, "Baba Askofu, kuna mkono mmoja bado uko kichwani."

Jamani! Tunaona wenyewe hakuna mkono.

Mama yake akanyanyuka: "Baba Ambokile, ulikufa umemnunia mtoto kisa kachagua kutumikia kanisa. Kama leo umembariki, mwachie basi."

Ndo akasimama. Analia.

Saa hizi tuko kwao Bulyaga tunapakua ndizi. Nyie mngebaki kanisani au mngekimbia?

Ngojeni, mama yake ananiita: "Mama Tumaini we, ongeza sahani ya baba yake!"